Muziki wa Wakati wa Samaki

Kwanza niliisikia sauti: uzi mmoja wa fidla unakazwa taratibu kutoka chini, unapita pale unapotakiwa kukaa, unarudishwa kidogo, unakaa. Nilikuwa bado uchochoroni nyuma ya msikiti wa Majengo, sijaona mlango wala mtu, na miguu ikasimama yenyewe. Kisha mwanamke akafoka ndani ya ukuta wa mabati: "We Zuhura! Weka hicho kitu chini. Babu yako hata siku tatu hazijaisha." Uzi ukanyamaza. Nikapiga hodi.

Nilikuwa nimechelewa. Mzee Abdalla, babu yake Zuhura, niliyepiga naye fidla ujanani, alifariki alfajiri, na hadi nipate simu Nairobi na kufunga safari ya Nyeri, alikuwa ameshazikwa alasiri ile ile, kama ilivyo desturi ya Waislamu, kwa sanda na dua, bila wimbo hata mmoja. Mtu aliyewachagulia wengine muziki wa arusi zao, wa mahafali ya watoto wao na wa mazishi yao, yeye mwenyewe alikwenda kimya, na nadhani alipenda iwe hivyo. Kina mama waliniketisha mkekani, wakanipa chai ya tangawizi iliyochoma koo. Mmoja wao, binti yake mkubwa, alinitazama vidole kabla ya uso. "Wewe ndiye yule Mkikuyu wa fidla?" Nikasema ni mimi. "Alikuwa akikutaja. Alisema ulikuwa na mkono mzuri na haraka mbaya." Nikacheka mbele ya wafiwa, na wao wakacheka nami, kwa sababu kila aliyekuwa chumbani mle alikuwa ameshaambiwa kasoro yake na mzee yule, kwa sauti ya chini, akiwa amekushikia sahani ya mandazi.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kupanga chumba Ruring'u, nangoja barua ya chuo ambayo ilikuwa ikichelewa kana kwamba inakuja kwa miguu. Fidla nilijifunza shuleni, kwa mtawa mmoja aliyenipiga vidole kwa rula. Siku moja ya Julai, katika ile baridi ya Nyeri inayokufanya uone pumzi yako saa tano mchana, nilipita Majengo kutafuta fundi wa kunishonea sketi, nikasikia fidla inapigwa mahali ambapo sikutegemea kusikia ila redio na cherehani. Mlango ulikuwa wazi. Ndani alikaa mwanamume mwembamba mwenye kofia iliyoshonwa kwa mkono, kizibao cha kijivu kimefungwa vifungo vyote, na miguu imewekwa sambamba kama ya mtu anayesubiri kuitwa. Hakuacha kupiga. Alimaliza sehemu yake, akasema, "Karibu. Unasikiliza kama mtu anayejua. Unajua, ama una baridi tu?"

Chumba chake kilikuwa kimoja, na pazia la maua katikati. Upande huu kulikuwa na viti viwili vya mbao nyeusi vya hotelini, jiko la mkaa, na bati la biskuti lililojaa karatasi za nota. Habari ya bati lile ndiyo habari ya maisha yake. Ujanani, kabla ya uhuru, alikuwa mhudumu wa meza katika hoteli moja ya wazungu mjini, na kila jioni Mgoa mmoja, Mhindi wa asili ya Goa, alipiga fidla kwenye kona ya chumba cha chakula. Kati ya chakula cha mchana na cha jioni, Mgoa yule alimfundisha Abdalla ndani ya stoo ya vyombo, kwa siri, sufuria zikitikisika. Alipoondoka nchini alimwachia fidla na nota. Mende walikuwa wametafuna kurasa za mwanzo zote, kwa hivyo hapakuwa na jina la mtunzi wala la kipande. Lakini Abdalla hakuhitaji majina. Alijua kila kipande kilipigwa chakula gani kikiwa mezani, na hivyo ndivyo alivyokiita: Supu, Samaki, Nyama, Pudini, Kahawa. Nimesikia baadhi ya vipande vile tangu hapo, katika kumbi za miji mikubwa, vikiwa na majina yao ya ubatizo na watu waliovaa nyeusi, na kila mara mdomo wangu umejaa mate.

Kesho yake nilirudi na fidla yangu, na tangu hapo tulikuwa watatu. Mzee alishika fidla ya kwanza, mimi ya pili, na Githinji, kinyozi wa Ruring'u, alipiga selo, ile fidla kubwa inayopigwa mtu akiwa ameketi, aliyoinunua shule moja ilipokuwa ikiuza madawati mabovu. Alidhani ni gitaa. Githinji alikuwa na mikono laini ya kazi yake na mdomo usiofungwa. "Mimi nanyoa kichwa ya mtu nikiskia Nyama kwa roho," alikuwa akisema, "ndio maana huyu karani wa kaunti alitoka na ngazi hapa kando." Tulifanya mazoezi alasiri, baada ya mzee kurudi msikitini, na mwisho wa mazoezi tulikula maharagwe na chapati kutoka kwa jirani, tukisikia kupitia mabati ugomvi wa nyumba ya pili, ambao pia ulikuwa na sehemu zake nne na mwisho wa polepole.

Watu walikuja kutukodi, wengi wakiwa hawajui wanachotaka. Hapo ndipo nilipomwona mzee akifanya kazi yake ya kweli. Kamati ya arusi ingeketi kwenye viti vya hoteli na kuanza kueleza rangi za nguo, naye angengoja wamalize, halafu aulize swali moja tu: "Muziki ukiisha, mnataka watu wafanye nini?" Mwanzoni walimwona mzee wa ajabu. "Si wapige makofi?" Yeye angetikisa kichwa. Bibi arusi akifika mbele ya madhabahu, mnataka watu wakae ama waendelee kusimama wakinyoosha shingo? Baada ya keki, mnataka wazee waanze kutafuta kofia zao, ama wabaki? Kwa jibu lao aliwachagulia. Bibi arusi aliingia na Pudini, kwa sababu ina hatua fupi na haimkimbizi mtu mwenye viatu virefu. Mahafali hayakupewa Nyama kamwe: ina vituo vikubwa katikati, na mzazi aliyeuza ng'ombe kusomesha mtoto hawezi kuona kituo asipige makofi. Na kwa watu ambao hawajawahi kusikia muziki wa namna hii alikuwa na ushauri ambao nimeutumia maisha yangu yote. "Waanzishie kifupi," alisema. "Watoto wakae mbele. Wasiambiwe wanyamaze. Na usithubutu kumwambia mtu kwamba huu ni muziki wa hali ya juu. Ukimwambia hivyo, atavaa tai masikioni."

Jumapili moja tulipiga hivyo, bila kiingilio, katika ukumbi mdogo karibu na uwanja wa Ruring'u. Walikuja watu kama thelathini. Kina mama wawili wa safu ya pili walikuwa wametoka sokoni na gunia dogo la minji, yaani njegere, wakaanza kubambua maganda palepale, punje zikidondoka kwenye beseni. Nilikasirika. Mzee alitabasamu, na kuanzia hapo akapunguza mwendo wa Supu kidogo, kidogo sana, hadi punje na sisi tukawa tunakwenda pamoja. Nilipomlaumu baadaye alisema, "Hotelini walikuwa wanatafuna, binti. Muziki huu uliandikwa kwa watu wenye shughuli." Siku hizi watu huniandikia, kwa kuwa wanajua napenda mambo haya, waniulize wapige nini kwenye arusi ya binti yao au kumbukumbu ya baba yao. Wanatarajia orodha. Mimi huwauliza swali lile la Majengo, na wengi hawanijibu tena. Wanaojibu hunijibu kurasa mbili.

Mama Karimi alikuja mwishoni mwa Agosti, siku ya Jumanne. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka hamsini hivi, kitambaa cheusi kichwani, mkoba ameukumbatia kifuani. Mzee alikuwa ameenda kuswali. Tulikuwa mimi na Githinji.

"Hapa ndipo kwa watu wa fidla?"

"Hapa, mama. Karibu ukae."

"Natoka Kutus. Naitwa Mama Karimi. Bwana yangu amekufa, tunazika Ijumaa." Tukampa pole. Aliipokea kama mtu anayepokea chenji. "Niliskia muziki yenu kwa arusi ya mtoto wa dada yangu. Ile haina maneno."

"Ndiyo, haina."

"Basi hiyo ndiyo nataka. Komiti wameita kwaya mbili. Wametunga wimbo na jina lake ndani. Ati baba wa upendo. Ati nguzo ya boma." Akavuta mkono wa sweta hadi kwenye kiwiko. Mfupa wa chini ya kiwiko ulikuwa umeungana vibaya, ukapinda kama tawi lililokua likikwepa ukuta. "Mimi nimeishi na hiyo nguzo miaka ishirini na sita. Sitaki atukanwe, msichana wangu atakuwa hapo, na mtu amekufa amekufa. Lakini sitaki kusimama hapo nikiitikia uongo. Wimbo ya kumsifu ni uongo. Wimbo ya kusema nimemsamehe, hiyo pia ni uongo. Mko na kitu haisemi?"

Leo, nikiikumbuka dakika ile, natamani kuingia chumbani mle na kumshika mkono yule msichana wa miaka kumi na tisa. Alikuwa amejifunza mwaka ule kwamba anaweza kuwaliza watu. Alikuwa ameona mabwana wakubwa wakitoa leso kwenye arusi, na alidhani machozi ndiyo risiti ya muziki. Nilimwambia Mama Karimi tunacho alichotaka. Nikamwashiria Githinji, tukampigia Kahawa.

Kahawa ndicho kipande kizuri kuliko vyote vilivyokuwa ndani ya bati lile. Kinaanza chini, kama mtu anayeomba radhi mlangoni, kisha kinapanda, na pale juu kuna mahali ambapo fidla inasita, na hakuna moyo usiofunguka mahali pale. Niliona uso wake ukivunjika. Nikaona machozi, nikafurahi, Mungu anisamehe, nikapaka upinde utamu zaidi. Tulipomaliza aliinuka ghafla, mkoba ukaanguka.

"Umenifanya nimlilie," akasema.

"Mama..."

"Wee msichana, sikutoka Kutus nije kulizwa. Nimelia kwa hiyo nyumba hadi majirani wakazoea, na hakuna mtu alikuja na fidla. Sasa amekufa, na wewe unanitoa machozi nimpatie bure? Hata wewe uko upande wake?"

Githinji aliinama akaangalia selo yake kana kwamba ndiyo iliyouliza. Mama Karimi aliokota mkoba, na pale mlangoni akakutana na Mzee Abdalla, miguu ikiwa bado na maji ya udhu. Mzee alimtazama yeye, kisha mimi.

"Mmempigia Kahawa," alisema. Halikuwa swali. "Mama, nisamehe. Hawa ni watoto. Keti, upoe kwanza, kisha uende ukitaka."

Sijui kwa nini alikaa. Labda kwa sababu mzee hakumwambia asilie. Alimmiminia chai, akakaa kwenye kiti cha pili, miguu sambamba, akangoja. Alipoona kikombe kimefika nusu, akamuuliza lile swali lake, ila safari hii hakuuliza habari ya watu.

"Muziki ukiisha, wewe unataka kufanya nini?"

Nyumba ya pili walikuwa wakigombana kuhusu kuku.

"Nataka kusimama," akasema. "Nisimame nitoke mbele ya hao watu wote, nitembee kama mtu ameenda sokoni. Nisitetemeke. Watanipea maikrofoni, iko kwa programu, Neno la Mjane. Nikitetemeka nitasema yale wameniandikia."

"Basi ni Samaki," alisema mzee.

Githinji aliinua kichwa. "Samaki, Mzee? Hiyo si ni ya kupasha vidole moto?" Ni kweli: hakuna mtu aliyewahi kukiomba. Tulikipiga kufungulia mazoezi tu. Mzee akamgeukia Mama Karimi na kumweleza yeye, si sisi. Hotelini, alisema, samaki waliletwa wakiwa na miiba. Wakati ule mezani hapakuwa na mazungumzo wala kicheko, kila mtu alikuwa akitazama sahani yake asije akakwamwa na mwiba kooni. Mgoa alichagua kipande ambacho hakimwiti mtu. Hakimfurahishi wala hakimhuzunishi. Kinakaa naye tu mpaka amalize jambo la hatari analolifanya. "Kahawa inasamehe," alisema. "Ni ya mwisho, watu wameshiba. Wewe hujafika huko, na hakuna anayekulazimisha kufika Ijumaa."

Mama Karimi aliweka kikombe chini. "Kujeni na hiyo," akasema.

Tulifika Kutus asubuhi ya Ijumaa na pikapu ya binamu yake Githinji. Kule chini kuna joto, na nyuzi zilizokazwa kwenye baridi ya Nyeri zilikuwa zimepoteza sauti njiani, ikabidi tukae nyuma ya choo cha boma tukikaza upya huku kuku wakituzunguka. Hema zilikuwa zimesimamishwa. Makochi ya sebuleni yalikuwa yametolewa nje kwa ajili ya wageni wakubwa. Mtu alikuwa akijaribu kipaza sauti, moja mbili, moja mbili, na kwaya ya kwanza ilikuwa imevaa majoho ya zambarau. Nilipewa karatasi ya programu. Niliisoma mara mbili. Hatukuwemo.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Bwana Kinyua, ndugu wa marehemu, mtu mnene mwenye upole wa watu waliozoea kutiiwa. "Atiriri, nisikieni wazee," alisema, ingawa mzee alikuwa mmoja, "mmetoka mbali, mtakula. Lakini hii ni mazishi ya mzee wa kanisa. Fidla ni vitu ya hoteli. Na wewe na hiyo kofia yako, mtu wa msikiti, utamzikaje?"

"Mimi simziki, bwana," alisema Mzee Abdalla. "Nimeitwa nipige kitu kifupi."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno mazuri, niliyaandaa tangu Jumanne, juu ya mkono wa mtu na jinsi ulivyoungana. Mzee alinigusa kiwiko kwa ncha ya upinde. "Si neno letu, binti," akasema kwa sauti ya chini. "Usimsemee mtu ambaye hajakutuma."

Mama Karimi alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Sijui alisikia kuanzia wapi. Alikuja akasimama mbele ya shemeji yake, na wale wanaume wawili waliokuwa wakipanga viti wakaacha.

"Kinyua, huko nje ni yako," alisema. "Kwaya ni yako, hema ni yako. Ndani ya nyumba ni yangu. Hawa wataingia ndani na mimi, na mlango utafungwa."

"Mama Karimi, watu watasema."

"Watu wamenyamaza miaka ishirini na sita. Wanyamaze dakika saba."

Sebule tupu ni chumba cha ajabu. Ukutani kulikuwa na alama za makochi, mistari ya kijivu kwenye rangi ya maziwa, na kalenda, na runinga iliyofunikwa kitambaa cha kufumwa. Karimi, binti yake, msichana wa rika langu, alituletea vigoda vya jikoni. Mama yake alikaa kwenye sanduku la nguo karibu na dirisha, mikono mapajani. Mzee alihesabu kwa pumzi, tukaanza.

Ndani ya Samaki fidla ya pili haina kitu cha kuonyesha. Inashika sauti ndefu, inaiacha, inashika nyingine jirani yake, kama mtu anayetembea na mgonjwa akilinganisha hatua. Haraka yangu mbaya ilitaka kuvimba, kupanda, kumfanyia mwanamke yule jambo. Nikamtazama mzee. Upinde wake ulikuwa ukienda na kurudi kwa uzito ule ule, jicho lake halikuwa kwa mtu yeyote, na nikaelewa jinsi alivyokuwa akisimama ujanani na sahani mkononi nyuma ya bega la mgeni: karibu, bila kugusa. Nikaacha kuomba kitu kutoka kwa Mama Karimi. Nilipiga tu. Huko nje kipaza sauti kilianza kusoma maisha ya marehemu, baba wa upendo, nguzo ya boma, na maneno yalipita dirishani yakaingia kati ya nyuzi, nasi hatukupandisha sauti kuyapiga vita. Yalipita. Karimi alikuwa ameegemea ukuta penye alama ya kochi, macho amefumba. Mama yake hakufumba. Alitazama sakafu mbele ya viatu vyake kwa makini, kama mtu anayetenga nyama na mwiba, na pumzi yake, niliyoisikia mwanzoni ikikatika, ilirefuka hadi ikawa haisikiki. Hakulia. Tulipofika mwisho, ambao si mwisho hasa, kipande kinaacha tu kuendelea, chumba kilikuwa kile kile na yeye alikuwa yule yule, na nadhani hicho ndicho alichokuja kukitafuta Majengo.

Alisimama. Alinyoosha sketi, akafunga upya kitambaa cha kichwani bila kioo.

"Mama," alisema Karimi, "utasema ile wameandika?"

"Nitawaambia asante kwa kuja, na chakula iko nyuma ya nyumba," alijibu. "Basi."

Akamgeukia mzee. "Nyinyi msitoke sasa. Kuna mchele na nyama kwa sufuria kubwa. Mkule kwanza." Mzee aliinamisha kichwa, kama alivyoinamisha mbele ya meza za wengi. Kwaya ilikuwa imeanza wimbo wenye jina la marehemu ndani. Mama Karimi alimshika binti yake kwenye bega, akamtanguliza, akatoka nyuma yake kwa mwendo wa mtu anayejua bei ya nyanya, na mlango akaurudisha yeye mwenyewe, taratibu, hadi komeo likaingia mahali pake.